Besi na ampu za shoo ndogo: anza na mgongo wako

Kila mara kuna kijana aniuliza, kaka nataka kununua gitaa la besi na ampu ya kulikuza sauti, ninunue ya wati ngapi? Mimi humrudishia swali: kazi yako ya mbali kabisa iko wapi na huo mzigo utaubeba na nini? Wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii. Hapa Malindi waweza kuwa na kazi hoteli ya barabara ya Casuarina Ijumaa, ukatia vyombo kwenye tuktuk ukafika, Jumamosi uko Watamu, bado mambo rahisi, kisha mtu akakupigia simu kuna harusi Lamu, na hapo ndo utajua kama ulinunua ampu au ulinunua jiwe la kusagia.

Ampu yangu ya kwanza ilikuwa kombo ya zamani, yaani ampu na spika kwenye sanduku moja, spika moja ya inchi 15, ndani transfoma la chuma, kilo thelathini na zaidi, nilijiona mfalme. Basi tukapanda nayo mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, nahodha wa boti akaitazama akasema huyu ni abiria, lipia kiti. Sawa, nikalipa. Kufika Lamu maji yametoka, ngazi za gati zina ukungu wa kijani, watu wawili wanaibeba huku wanaomba dua. Gari haliingii ndani ya mji wa kale, mkokoteni ukakwama kwenye kichochoro, tukaita punda. Sasa punda hubeba pande mbili, uzito lazima uwe sawa, upande mmoja ampu, wa pili hauna kitu, mwenye punda akajaza gunia mchanga akalifunga upande wa pili. Yaani nililipa nauli ya ampu na nauli ya mchanga. Na baada ya yote hayo tulipigia kwenye kiwanda cha nyumba, uani hivi, kuta za mawe ya matumbawe pande zote, tukaambiwa tupunguze sauti kuna mgonjwa nyumba ya pili, usiku kucha nobu ya sauti iko kwa mbili.

Kwa hivyo kanuni yangu ya kwanza, kama huwezi kuibeba kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika gitaa na unapanda ngazi, hiyo sio ampu ya shoo ndogo. Siku hizi hakuna sababu ya kuumia, kuna ampu za aina iitwayo klasi D ambazo nyingi ndani hazina lile transfoma zito, na spika zenye sumaku ya neodimiamu badala ya ile nene ya kizamani. Mfano wa hizo klasi D, Fender Rumble 100, wati 100, spika ya inchi 12, uzito wake kama kilo 10 tu. Ile kubwa yao ya 500 ina spika mbili za inchi 10 na ni kama kilo 16 na nusu, nyepesi kuliko mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa. Si lazima ununue hiyo, nakupa tu kipimo ujue uzito gani wawezekana, usije ukauziwa jiwe ukaambiwa ndo kawaida ya besi.

Haya, wati. Besi hula wati kuliko gitaa la solo, hilo mwambie na anayekulipia. Uzi wa chini kabisa, ile E, mtikisiko wake ni kama mara 41 kwa sekunde, na kusukuma hewa polepole vile kwa nguvu ya kusikika kunataka nguvu nyingi. Mpiga solo na wati zake 30 atakumeza ukiwa na 50 zako. Lakini pia usidanganyike na namba, kutoka wati 100 kwenda 200 masikio hayasikii mara mbili, yanasikia imeongezeka kidogo tu, desibeli 3, ili isikike kama maradufu wataka karibu mara kumi ya wati. Ndo maana spika ina maana sana kuliko watu wanavyodhani, spika mbili za inchi 10 zilizotengenezwa vizuri kwa wati 150 zitamfunika mtu mwenye 300 kwenye spika moja hafifu.

Kwa uzoefu wangu mimi: kibodi, gitaa, mwimbaji na kigoma cha mkono, wati 100 zatosha na zabaki. Akija mtu wa drams kamili, anza 200 kwenda juu, hapo usijitie ubingwa. Na ufukweni ni habari nyengine kabisa. Chini ya makuti au mchangani Shela huko Lamu hakuna ukuta wa kurudisha sauti, besi inatoka inaenda zake Bahari ya Hindi, wewe waongeza tu na wenzako bado wakuuliza mbona hatukusikii. Ndani ya nyumba za mawe ni kinyume, noti moja mbili zinavuma zinajaza chumba zengine hazisikiki. Kabla hujagusa ampu gusa mahali ilipo. Nje, isogeze ukutani au pembeni kama kuna ukuta wowote, besi itaongezeka bure bila wati hata moja. Ndani, itoe kwenye pembe, iinue juu ya kiti au kreti ya soda ielekee masikioni kwako na si magotini, halafu punguza besi kwenye nobu uongeze ile midi, sauti za kati. Najua vijana mwapenda kufungua besi mpaka mwisho. Nyumbani ukiwa peke yako yapendeza, kwenye bendi yawa ni mngurumo tu, watu wajua kuna kitu chatetema ila hawajui ni noti gani.

Kitu ambacho ningekataa kununua ampu bila yake ni tundu la DI, lile la waya wa mikrofoni mgongoni mwa ampu. Hoteli nyingi huku zina mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na spika zao, sasa wewe wapeleka waya mmoja kwenye mikisa, watu wasikie besi kupitia spika za hoteli, na ampu yako yawa ya kukusikilizisha wewe na mpiga drams tu. Hapo hata ile ya kilo 10 yakutosha ukumbi mzima. Angalia kama ina swichi ya kuchagua sauti itoke kabla ya nobu zako au baada, weka kabla, ili ukicheza na nobu zako usimharibie mtu wa mikisa, manake atakuja kukufokea mbele ya wageni. Na swichi ya kukata athi, yaani muunganisho wa ardhi, ya ule waya, hiyo nitairudia.

Ukichagua kichwa (ampu tupu isiyo na spika) na kabineti (sanduku la spika) mbalimbali badala ya kombo, jua hesabu ya omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme kilichoandikwa nyuma ya kabineti. Kabineti mbili za omu 8 zikiungwa kwa kichwa kimoja zawa omu 4, na vichwa vingi mwisho wao ni hapo, ukiongeza ya tatu waua kichwa. Pia zile wati zilizoandikwa kubwa kubwa mara nyingi ni za omu 4, ukiwa na kabineti moja ya omu 8 utapata kama nusu na kitu. Na waya wa kichwa kwenda kabineti ni waya wa spika, sio ule wa gitaa, ncha zake vyafanana kwa sura lakini wa gitaa ndani ni mwembamba, utachemka.

Sasa stima, hapa ndo watu wengi wamepotezea vyombo. Sisi ni volti 240. Mjomba akikuletea ampu kutoka Marekani geuza nyuma usome, ikiandikwa 120V peke yake usiichomeke kabisa, wataka transfoma la kushusha, ambalo lenyewe ni kilo kadhaa, tumerudi kwa punda. Vyombo vya Ulaya havina shida ya volti, na hapa Malindi wazungu wanaorudi kwao, Waitaliano hasa, huuza vyombo vizuri kwa bei ya kusikilizana, ila plagi zao ni za pini duara. Usikubali ile adapta ya pini mbili ya barabarani, haina athi. Peleka kwa fundi akufungie plagi yetu ya pini tatu na ahakikishe waya wa kijani na njano umeunganishwa. Nasisitiza manake nimeona mtu jukwaani amesimama pekupeku kwenye sakafu imemwagiwa maji, mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukagusa mikrofoni, akarushwa. Alipona, alhamdulillahi, lakini hakuimba tena usiku ule. Ampu ikivuma kuna mwerevu atakuambia kata waya wa athi kwenye plagi, mvumo utaisha. Utaisha kweli, na wewe pia waweza kuisha. Mvumo wa namna hiyo waondolewa kwa ile swichi niliyotaja ya kukata athi ya DI, au kwa kuchomeka ampu na mikisa kwenye soketi moja. Na kazi za jenereta beba gadi, kile kikinga cha umeme, hata ile ya friji yasaidia, jenereta likianza kukohoa volti zapanda zashuka kama mashua ya kusi.

Tuje kwa gitaa lenyewe, na hapa mimi ni mtu wa kizamani kidogo. Nyuzi nne, pasivu, yaani isiyo na betri, basi. Aktivu ni ile yenye betri ya volti 9 ndani, ina sauti nzuri sikatai, ila nimewahi kufa nayo katikati ya chakacha, akina mama wamejifunga leso wamekolea, sauti ikaanza kukwaruza kama redio ya mbali halafu kimya, na duka la betri saa sita usiku utalipata wapi. Ukiipenda sana beba betri ya pili, na kila ukimaliza chomoa waya kwenye gitaa, sio kwenye ampu, manake jeki ikiwa ndani betri yaendelea kuliwa hata umelala. Kuipima iguse na ncha ya ulimi, ikikuuma vizuri bado iko.

Mitindo miwili mikubwa utakayoikuta, hata kwa Squier na Yamaha za bei ya chini, ni ile ya Precision ya 1951 na ile ya Jazz ya 1960, zote mbili asili yake ni Fender. Precision za siku hizi zina pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) moja iliyokatwa vipande viwili vinavyofuta mvumo vyenyewe, sauti nene, nobu mbili, hakuna la kukuchanganya. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba, yapendeza ukitaka kusikika kwenye rumba, lakini ukiifungua pikapu moja peke yake karibu na friji za baa na taa za ukumbi itakuimbia mmmmm shoo nzima. Kwa mwenye gitaa moja tu la kazi zote, bango, chakacha, nyimbo za watalii, mimi nampa Precision. Nyuzi tano sawa kama wacheza gospo, ila ile B ya chini ni mtikisiko wa 31 kwa sekunde na spika ndogo haitoi hiyo, utalipia uzi usiosikika. Kwenye chakacha, ule mdundo wa sita, besi tamu ni ile fupi inayokatika upesi isiyolia kwa muda mrefu, kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ukiweke chini ya nyuzi karibu na brigi, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, utashangaa.

Ukinunua mtumba usione haya kuchukua muda. Bana uzi kwenye freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, tazama katikati pale freti ya saba, kuwe na nafasi ya kupita karatasi hivi, ikiwa nafasi ni kubwa shingo imepinda, muulize kama ile skrubu ya ndani ya shingo bado yazunguka, ikikwama achana nalo. Piga kila freti kila uzi, moja moja, mwenye gitaa achoke. Zungusha nobu zote, zikikwaruza sio mwisho wa dunia, ni chumvi ya bahari, dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti yatoa. Kwenye ampu mulika na tochi ya simu kupitia wavu, kisha kama wavu watoka weka vidole viwili kila upande wa ile karatasi ya spika uisukume taratibu, ikisugua kwa ndani koili imeungua au imepinda, na bei ishuke au uondoke.

Chumvi ndo adui wa kila siku huku, msimu wa kaskazi hoteli zikijaa kazi ni nyingi na nyuzi mpya zageuka rangi upesi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chini ya nyuzi pia. Mimi nimehamia nyuzi za flati, zile zisizo na mikwaruzo, ni ghali lakini zangu zimekaa muda mrefu na bado zalia vizuri. Kwenye boti la Mokowe tia ampu ndani ya ile mifuko mikubwa ya nailoni halafu ndo begi lake, funga mdomo ukiangalia chini, maji huja kwa pembeni wimbi likipiga, sio kwa juu. Kwenye mfuko wa gitaa beba waya wa pili, fyuzi mbili za plagi na moja ya ampu yenyewe, na ekstensheni yako mwenyewe ndefu, soketi ya harusi siku zote iko upande wa jikoni.