Saladi baridi ya kuskusi kwa viungo vya Moroko

Kuskusi, yaani chembe ndogo za unga wa ngano, kwa Wamoroko ni chakula cha Ijumaa. Hupikwa kwa mvuke juu ya mchuzi, kwenye chombo chenye matundu kiitwacho keskas; inateremshwa, inafikichwa kwa mikono, inarudishwa tena, mpaka iive ikiwa nyepesi. Saladi hii ni njia ya mkato. Tunatumia kuskusi ya pakiti, iliyokwisha kupitishwa kwenye mvuke na kukaushwa kiwandani. Inatosha watu sita, na ukiiandaa usiku kwa mlo wa mchana wa kesho ndiyo inanoga.

1. Kuskusi

Weka vikombe 2 vya kuskusi kwenye bakuli pana. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, manjano nusu kijiko, na mafuta ya zeituni vijiko viwili vya chakula. Changanya kwa vidole hadi kila chembe ipate mafuta. Mimina vikombe 2 vya maji yanayochemka, funika, uache dakika tano. Baadhi ya pakiti husema uzidishe maji. Kwa saladi usizidishe, maana limau na nyanya zitaongeza maji yake baadaye.

Funua, chambua kwa uma, kisha mwaga kwenye sinia na uitandaze. Ikipoa kiasi cha kushikika, paka viganja mafuta kidogo uifikiche, ukiinyanyua na kuiachia. Chembe zidondoke moja moja. Ukiona kibonge, kivunje sasa hivi, kwa sababu kikishaingia kwenye friji kinakuwa kigumu na hakifunguki tena. Hapa usiwe na haraka; mengine yote ni kukatakata tu.

2. Mboga

Choma pilipili hoho nyekundu moja juu ya moto wa gesi au mkaa mpaka ganda liwe jeusi, ifunike kwenye bakuli dakika kumi, menya, kata. Usiioshe, utaondoa ule moshi. Karoti mbili zikate vipande vidogo vya mraba, uzichemshe dakika nne. Tango moja na nyanya mbili ziondoe mbegu kabla ya kukata. Kitunguu chekundu kikate chembamba. Ongeza kikombe kimoja cha dengu kubwa nyeupe zilizopikwa zikalainika, na zabibu kavu konzi moja, zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu.

3. Mchuzi wa saladi

Kaanga bila mafuta kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba mpaka inukie, uitwange. Changanya na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) kijiko kimoja cha chai, unga wa tangawizi nusu, mdalasini robo, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, maji ya limau vijiko vitatu vya chakula na mafuta ya zeituni vijiko vitano. Mdalasini usiuzidishe, au saladi itanuka kama keki.

Wamoroko hupenda pia ganda la limau lililolazwa kwenye chumvi kwa wiki kadhaa. Ukilipata, kata kipande kidogo sana, na upunguze chumvi. Achari ya limau isiyo na pilipili, ikisuuzwa, inasaidia.

4. Kuchanganya

Mimina nusu ya mchuzi kwenye kuskusi ingali vuguvugu, ndipo inapofyonza ladha. Ikipoa kabisa, tia mboga, dengu na zabibu. Funika, weka kwenye friji saa mbili au zaidi. Usiiache mezani muda mrefu, hasa kwenye joto la pwani.

Kabla ya kupakua, mimina mchuzi uliobaki, kisha onja. Ubaridi hufifisha chumvi na limau, kwa hiyo mara nyingi utaongeza vyote viwili. Katia kotmiri na nanaa kwa wingi. Lozi zilizokaangwa zinyunyize mezani. Zikilala kwenye friji zinalegea. Inakwenda vizuri na samaki wa kuchoma au kuku.

Iliyobaki hukaa siku mbili hadi tatu kwenye friji, ikiwa kwenye chombo chenye mfuniko. Ikikauka, ikamulie limau.