Umetengana na unataka kununua nyumba Kenya? Yaweke sawa haya kabla ya kusaini mkopo

Anayehama nyumba ya ndoa mara nyingi huondoka na nguo zake na deni. Mwenzake anabaki ndani, huku aliyehama akiendelea kukatwa mkopo kila mwisho wa mwezi. Akipata nguvu ya kununua nyumba yake mwenyewe, anakimbilia benki kuuliza kiwango cha riba. Mimi ningemwomba atulie kwanza, aangalie nafuu ya kodi inasimama wapi.

Sheria ya Kodi ya Mapato inakuruhusu kutoa riba ya mkopo wa nyumba kwenye kipato chako kabla hakijatozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Hadi mwishoni mwa Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000. Wengi hudhani hizo 30,000 zinapunguzwa kwenye kodi yenyewe. Sivyo. Zinapunguzwa kwenye kipato, kwa hiyo aliye katika kiwango cha kodi cha asilimia 30 anaokoa 9,000 kwa mwezi. Si haba, lakini usipange bajeti kana kwamba umeokoa 30,000. Tena inayohesabiwa ni riba pekee, si deni lenyewe. Mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 12 unakaribia kufikia kikomo mwaka wa kwanza, kisha riba inashuka kila mwaka na nafuu inashuka nayo.

Sasa swali linalowaumiza waliotengana: nyumba ipi? Sheria inataka uwe unaishi humo, na haikubali nyumba mbili. Ukishahama, riba unayolipia nyumba ya zamani haikupi nafuu tena, hata kama mkopo una jina lako na watoto wako ndio wanaolala humo. Najua inauma, maana unalipa kweli. Ndiyo sababu jambo la kwanza kuzungumza na mwenzako, kwa wakili ikiwa hamsemezani, ni nani atabeba mkopo huo kuanzia sasa, na benki ikubali kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo hayaifungi benki. Itaendelea kukudai wewe, na deni hilo litapunguza kiasi unachoweza kukopeshwa upya.

Kuhusu nyumba mpya, kopa benki au kwenye taasisi nyingine inayotajwa na sheria hiyo. Pesa ya shemeji au ya chama (kikundi cha kuchangiana pesa) haitakupa nafuu hii, hata mkiandikiana riba. Weka pia kumbukumbu ya tarehe ya kuhamia. Ukiingia mwezi wa Agosti, utadai kwa miezi uliyoishi humo, si mwaka mzima.

Halafu kuna ndoa yenyewe. Kutengana si talaka; mbele ya sheria bado mna ndoa. Ukitaka kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani ili upate malipo ya awali, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inadai idhini ya mwenzako. Hata kwa nyumba mpya, jiandae kuulizwa hali yako ya ndoa na pengine kutakiwa kula kiapo. Usiandike kwamba hujaoa au hujaolewa ili mambo yaende haraka. Kama mali inagombaniwa, mahakama inaweza kutamka haki ya kila mmoja bila kusubiri talaka, na mchango unaopimwa si pesa peke yake: kulea watoto na kazi za nyumbani zinahesabiwa.

Mkikubaliana mmoja amwachie mwenzake sehemu yake, hakikisha uhamisho huo umeandikwa kuwa sehemu ya makubaliano halisi ya kutengana au ya talaka. Uhamisho wa namna hiyo umesamehewa kodi ya faida ya mali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15.

Mwisho ni makaratasi ya kila mwaka. Omba benki barua ya riba, uangalie mstari wa riba iliyolipwa, jina lako na nambari ya akaunti. Ikiwa barua bado ina majina yenu wawili kwa mkopo wa zamani, usiichanganye na ya mkopo mpya. Mpe mwajiri nakala mapema ili nafuu ionekane kwenye mshahara, kisha uijaze kwenye ritani yako ya kodi katika iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya kodi, kabla ya 30 Juni.