Kushona Kofia ya Mchawi wa Hadithini kwa Koti la Mtumba

Vikundi vya maigizo vya hapa Moshi vinapotunga mchezo unaotokea katika dunia ya kubuni, kofia ya mchawi mara nyingi huachwa mpaka siku ya mwisho, kisha mtu huviringisha karatasi ya manila, akaibandika nyota za karatasi ya kung'aa na kuifunga kidevuni kwa lastiki. Kofia ya namna hiyo humdhulumu mwigizaji, kwa sababu akiinama inamtoka, na watazamaji hawaoni mzee mwenye elimu ya siri bali mtoto aliyetoka kwenye sherehe ya kuzaliwa. Kofia inayostahili jukwaa ni vazi kamili lenye pia (yaani sehemu ya juu iliyochongoka), ukingo na mkanda wa ndani, na katika sehemu hizo tatu ukingo ndio unaodai kazi kubwa zaidi, ingawa wengi hushughulikia urefu wa pia peke yake.

Kabla ya kushika mkasi, watunzi wa mchezo wakae na fundi waamue mila ya kofia katika dunia yao. Je, mwanafunzi huvaa pia tupu, isiyo na ukingo, mpaka afuzu? Rangi ya mkanda hubadilika kwa kila daraja? Kofia huvuliwa mbele ya nani? Majibu ndiyo yatakayoonyesha zishonwe kofia ngapi na zitofautiane wapi. Ninapendekeza madaraja yatofautishwe kwa upana wa ukingo badala ya nakshi, kwa kuwa aliyeketi safu ya nyuma huona umbo muda mrefu kabla ya kuona nakshi. Ni busara pia kuwaeleza wazazi mapema kwamba haya ni mavazi ya hadithi, maana uchawi si jambo la mzaha kwa kila mtu.

Kitambaa bora ni sufu nzito, nayo hupatikana kwa urahisi katika mitumba ya soko la Memorial, ambako makoti marefu ya baridi ya Ulaya hayagombaniwi sana na wanunuzi wa mji wenye joto. Chagua koti refu lenye mgongo mpana, la rangi nyeusi, kijivu au buluu iliyoiva. Ili kuhakikisha kwamba ni sufu, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo na uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalovunjika vidoleni, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fumua bitana na mifuko, kisha ufue koti kwa maji ya moto na sabuni huku ukilisugua kwa nguvu, kwani joto na msuguano huzifanya nyuzi za sufu zishikane, kitambaa kikawa kinene na kisichochanika ovyo kwenye kingo. Kazi hii ifanyike kabla ya kukata, kwa sababu kitambaa kitasinyaa.

Sasa pima kichwa kwa futikamba, ukiizungusha katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio. Tuchukue mfano wa kichwa cha sentimita 57. Ongeza sentimita 1 ya nafasi, upate 58. Kwenye karatasi ya manila, funga penseli kwenye uzi wenye urefu wa sentimita 45, shikilia ncha nyingine kwenye pembe ya karatasi, na uchore tao kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Tao hilo litakuwa na takriban sentimita 70, kwa hiyo simamisha futikamba juu ya mstari, pima 58 na uweke alama, kisha uvute mstari mnyoofu kutoka alama hiyo hadi kwenye pembe. Umbo ulilopata ni pia iliyokunjuliwa, nayo ikishonwa itasimama sentimita 44 hivi. Kwa mtoto, uzi wa sentimita 35 unatosha. Mgongo wa koti ukiwa mwembamba kuliko kielelezo, kigawe katikati na ukate vipande viwili. Mshono wa ziada hauharibu kitu. Usisahau kuacha sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono.

Kwa ukingo, gawanya 58 kwa 6.28 upate nusu kipenyo ya sentimita 9.2. Chora duara hilo, na kutoka kitovu kilekile chora duara la pili lenye nusu kipenyo ya sentimita 21, litakalokupa ukingo wa karibu sentimita 12. Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa mashati huharibu kofia, kwa kuwa hukata tundu kwenye mstari wenyewe na kukosa mahali pa kushonea. Tundu likatwe ndani ya mstari, kwa nusu kipenyo ya sentimita 7.5, kisha sehemu iliyobaki ichanwe vipande vidogo vidogo hadi karibu kugusa mstari, ili visimame na kuingia ndani ya pia. Kata duara mbili za sufu na moja ya kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola.

Shona pia kwanza na uipige pasi mshono ukiwa umefunguliwa juu ya mpini wa mwiko. Unganisha tabaka za ukingo kwenye mzunguko wa nje, zigeuze, kisha upitishe ndani yake, kwenye mzunguko huo, waya laini wa kufungia nondo, ule unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ukiwa umeviringishiwa vipande vya kitambaa ili kutu isipenye. Ncha zake zikunjwe na kufungwa imara, kwa sababu waya uliochomoza uko karibu mno na macho. Shona mstari mmoja wa cherehani kando ya waya ili usitembee, halafu mistari mingine ya duara kuelekea ndani, kila mmoja sentimita 1 kutoka kwa mwenzake. Hiyo ndiyo inayoupa ukingo ukakamavu. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kuunganisha ukingo na pia, mvishe mwigizaji, mwambie ainame na kugeuka kwa ghafla, na ndipo upite kwa cherehani. Mkanda wa pamba wenye upana wa sentimita 4 ushonwe ndani kuzuia jasho na kushika kichwa.

Pia iliyonyooka kama msumari hufanana na kitu cha dukani. Ilowanishe theluthi ya juu kwa mvuke wa birika, ikunje na kuifinyanga, ifunge kwa kamba za kitambaa na uiache mpaka ikauke kabisa. Sufu huhifadhi umbo iliyokaukia nalo.

Kuhusu nakshi, nyota na miezi si lazima. Kofia ya dhahabu iliyomo katika makumbusho ya Berlin, iliyotengenezwa Ulaya yapata miaka 3,000 iliyopita, ina urefu wa sentimita 74.5 na uzito wa gramu 490 tu, na imejaa mistari ya duara ndogo ndogo kutoka chini hadi karibu na kilele, ambako kuna nyota moja. Wapo watafiti wanaozisoma duara hizo kama kalenda ya jua na mwezi. Mpangilio huo unaigika vizuri kwa vifungo vya shaba vya koti lenyewe, au kwa shanga zinazouzwa sokoni Arusha, nao huwapa watunzi sababu ya kila alama badala ya mapambo yaliyotawanywa ovyo.

Mwigizaji apewe kofia tangu mazoezi ya mwanzo, kwa kuwa mtu wa sentimita 170 akiivaa hufikia mita 2 hivi, na milango mingi ya kumbi za shule haimwachii nafasi kubwa kuliko hiyo. Baada ya onyesho, ijaze magazeti makavu na uiweke juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja wakati wa masika.