Tendo la ndoa wakati wa mimba: hatua kwa hatua, kutoka kwa mkunga

"Sista samahani, hivi... bado tunaruhusiwa?"

Hiyo sauti ya kunong'ona naisikia dirishani karibu kila siku ya kliniki. Baba wa watu kamsindikiza mkewe (kwetu anayekuja na mwenza anahudumiwa kwanza, kwahiyo wababa wameongezeka), mke akiingia kupimwa uzito na presha yeye anabaki anazungukazunguka pale, anasoma lile bango la chandarua mara tatu, alafu ndo anasogea. Namjibu "mnaruhusiwa kaka, ngoja mkeo atoke niwaeleze wote wawili". Wengine wakisikia "wote wawili" hao wanapotea, utawakuta getini.

Sasa naandika kwa ajili ya hao wa getini. Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na moja huu nipo kliniki ya mama na mtoto hapa Dar, na mwenyewe nimezaa mara mbili. Jibu fupi ni hili: kama mimba haina tatizo mnaweza kuendelea toka mwanzo mpaka siku za kujifungua. Mtoto hagongwi. Yupo ndani ya mji wa mimba, kazungukwa na maji, na mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito kama kizibo cha chupa, uume unaishia ukeni huko kwake haufiki. Jibu refu ndo hizi hatua.

Hatua ya 1: Ulizeni kwanza kama nyie ni wa kuendelea au wa kusimama

Hii ndo hatua watu wanairuka kuliko zote, kisa aibu, na ndo yenye maana kuliko zote manake wapo wanaotakiwa kusimama kabisa. Usiingize chochote ukeni mpaka uonane na mhudumu kama:

- unatoka damu na hujajua sababu, hata kama ni matone
- umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini au limefunika njia
- maji yameanza kuvuja au chupa imepasuka
- mlango wa kizazi umelegea, ni mfupi, au ulishonwa ili ushikilie mimba
- una dalili za uchungu kabla ya wakati, au ulishawahi kujifungua njiti na hujaongea na daktari kuhusu mimba hii

Hilo la kondo nitalisemea kidogo. Mama anapiga ultrasaundi mimba ina miezi mitano, anaambiwa kondo lipo chini, anarudi nyumbani anamwambia mume "basi mpaka nijifungue", na mume anakubali kishingo upande. Kumbe mimba ikikua mji wa mimba nao unatanuka na makondo mengi yaliyoonekana chini yanajikuta yamepanda juu. Kwahiyo ukiambiwa hivyo simama, ila uliza pia "narudi lini kuangaliwa tena?", kwa kawaida ni huko kwenye wiki ya 32. Msijihukumu kifungo cha miezi minne kwa kipimo kimoja.

Mapacha je? Mapacha peke yake sio kosa, muulize daktari anayekufuatilia. Na usiishie kuuliza "tusifanye?". Uliza tusifanye nini, kwa muda gani, manake kuna anayekatazwa kuingiliwa tu, na kuna anayekatazwa hata kufika kileleni sababu kile kilele kinalibana tumbo. Ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Pimeni wote

Ile siku ya kwanza ya kliniki tunatoboa kidole, tunapima VVU na kaswende, na cha VVU kinarudiwa mimba ikiwa kubwa. Mama kupima peke yake haitoshi, majibu yake sio majibu ya mume, hata mkilala kitanda kimoja miaka ishirini. Nawaambia hili bila kupaka mafuta, mama akipata VVU mpya akiwa na mimba au ananyonyesha ni hatari kubwa kwa mtoto, sababu maambukizi yakiwa mapya virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu. Kaswende nayo inaweza kuua mtoto tumboni, na tiba yake ni sindano.

Kwahiyo kama mwenza hajapima, au unajua moyoni kwamba hamtulii (na wewe ndo unajua, mi sipo chumbani kwenu), kondomu. Watu wananicheka, "sista kondomu ya nini na mimba ishaingia?". Ni ya magonjwa mama. Kama mmoja ana virusi na mwingine hana, mapenzi yanawezekana na mtoto anazaliwa salama, dawa zipo, nendeni CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) pamoja. Na mwenye malengelenge mdomoni au sehemu za siri asiguse mpaka atibiwe na yapone kabisa.

Hatua ya 3: Kubalianeni mapema kwamba hamu itapanda na kushuka

Miezi mitatu ya kwanza wengi hawataki hata harufu ya mume. Mimba yangu ya kwanza mimi nilichukia sabuni aliyokuwa anaogea mzee wangu, ile ile niliyomnunulia mwenyewe, akipita tu nakimbilia chooni. Alinuna siku tatu akidhani kuna mtu kanikorofisha kichwa. Siku ya nne ndo nikamwambia ni sabuni. Ukibadilisha sabuni mambo yanaenda! Kwahiyo semeni, "nina kichefuchefu", "chuchu zinauma usiziguse", "nimechoka leo nishike mgongo tu". Miezi ya kati wengi hamu inarudi, na wengine inarudi kwa fujo mpaka mume anaanza kukimbia yeye. Zote kawaida.

Na mimba ikitoka mapema, mara nyingi sana sababu ni mtoto hakuumbika vizuri toka mwanzo. Nimeona wanandoa wanabeba lawama miaka kwa ajili ya usiku mmoja ambao haukuhusika na lolote.

Hatua ya 4: Maandalizi

Hapa nina ugomvi na dawa za kubana. Shabu, ugoro, majani ya kujifukiza, unga sijui wa nini unaoletwa kwenye kikaratasi na shoga yako, vyote acha. Vinakausha na kuchubua uke, na uke uliochubuka ni mlango wa magonjwa. Kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu nako acha, uke unajisafisha wenyewe, osha nje kwa maji inatosha. Ukiona ute mweupe mzito kama mtindi na muwasho hao ni fangasi, kwenye mimba wanapenda sana kuja, njoo tukupe dawa, usijipandikizie kitunguu swaumu.

Ukavu ukiwepo tafuteni vilainishi vya maji, famasi vipo. Mafuta ya nazi na ya mgando msiyatumie na kondomu, yanaiharibu inapasuka. Alafu chukueni muda, baba usiingie kama unawahi daladala.

Kuna kimoja wengi hawakijui: usimpulizie hewa ukeni mjamzito. Kutumia mdomo sawa, kupuliza hapana, hewa inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na ikamuua. Ni nadra lakini nisiposema mimi nani atasema. Na kilichopita nyuma kisirudi mbele bila kuoshwa.

Hatua ya 5: Mkao

Mimba changa mkao wowote uliozoea unafaa. Shida inaanza tumbo likishakuwa tumbo. Kuanzia kama miezi mitano kulala chali muda mrefu sio kuzuri, mji wa mimba unalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama anaanza kusikia kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu. Ikitokea hivyo haraka mgeukie ubavu, wa kushoto ukiweza, itapita. Na baba usimlalie tumboni, hilo hata sio la kufundishwa.

Mkao ninaoufundisha zaidi ni wa ubavu, mume nyuma. Chukua mto mmoja uweke katikati ya magoti ya mama, goti la juu lilale juu ya mto lisining'inie, mwingine mwembamba au kanga iliyokunjwa mara nne iingie chini ya tumbo, pale tumbo linapogusa godoro, mpaka mama aseme "hapo". Akisema hapo utaona mabega yenyewe yanashuka. Kama godoro limebonyea katikati (na la nani halijabonyea) hamieni pembeni au tandikeni chini, sababu lile shimo linamvuta kiuno na kesho ataamka mgongo unauma alafu mtasema tendo limemuumiza.

Wa pili ni mama juu. Huo uzuri wake ni kwamba kina na mwendo vyote anapanga yeye, ila mimba ikifika miezi minane magoti yanachoka. Wa tatu mama kapiga magoti pembeni ya kitanda, kifua kimelala kwenye mito, tumbo linabaki huru. Huu unaenda ndani zaidi, kwahiyo taratibu. Mkao wowote unaouma sio mkao, badilisheni, anayeshika usukani hapa ni mama. Na akisema basi ni basi, katikati ya safari, bila baba kununa.

Hatua ya 6: Baada ya hapo, angalieni nini

Mama aende kukojoa, inasaidia kupunguza UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na UTI kwenye mimba sio ya kuchezea inaweza kuleta uchungu mapema. Maziwa kuchuruzika kidogo kawaida. Tumbo kukaza likawa gumu kama mpira kawaida pia, kilele kinafanya hivyo, lala ubavu, kunywa maji, huwa linalegea lenyewe ndani ya nusu saa hivi. Mtoto anaweza kutulia kwa muda mfupi au kucheza zaidi, msimsingizie anagomba.

Damu kidogo ya pinki kwenye chupi inaweza kutokea sababu mlango wa kizazi kipindi hiki una damu nyingi na unachubuka kirahisi. Hata hivyo simameni na mje mwambie nesi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Kwenda hospitali muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku: damu nyekundu inayotoka kama hedhi, maji yanayochuruzika usiyoweza kuyazuia, tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio na haliachi na wiki 37 hazijafika, maumivu makali, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Ukifika sema ukweli kwamba mlikutana. Hakuna atakayekushangaa, na kama akitokea wa kukushangaa basi huyo ndo mwenye tatizo.

Hatua ya 7: Miezi ya mwisho na yale maneno ya mtaani

Mtoto akizaliwa anakuwa na utando mweupe mwilini kama siagi, shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Hizo SIO shahawa. Nikiwa mwanafunzi wodini nilimsikia mhudumu anamwambia mama aliyejifungua dakika hiyo hiyo, miguu bado inatetemeka, "mlishindwa kuvumilia hata mwezi wa mwisho?", yule mama akageuza uso ukutani. Nilikaa kimya nikiwa mdogo, na kile kimya kinanisumbua mpaka leo. Ule utando anautengeneza mtoto mwenyewe kulinda ngozi isilowane na maji miezi yote hiyo, hata mama ambaye mume yupo Muscat mwaka mzima atazaa mtoto anao. Wala msiukimbilie kuuosha, unamsaidia.

Upande wa pili kuna wanaoambiwa na mama mkwe wafanye kila siku "kupanua njia". Njia inapanuliwa na uchungu. Kwamba tendo linaanzisha uchungu halijathibitika vizuri, kwahiyo ukipenda fanya kwa raha zako na kama chupa haijapasuka, ila usilazimishwe kama dozi.

Hatua ya 8: Kama haiwezekani au hutaki

Mikono ipo, midomo ipo, kuogeshana kupo, kusuguana miguu iliyovimba jioni kwa mafuta ya vuguvugu kupo, na nawaambia kuna ndoa zimeokolewa na miguu. Baba kwenda nje "sababu mke ni mjamzito" ndo njia ya kuleta ile kaswende ya hatua ya 2. Na ukilazimishwa, au kupigwa sababu umekataa, tuambie tukiwa wawili chumba cha vipimo, mlango umefungwa, kuna dawati la jinsia la polisi na tutakuelekeza pa kwenda.

Na baada ya kujifungua?

Pwani tunasema arobaini, hospitali tunasema wiki sita, zinakaribiana. Damu iwe imekata, kidonda cha njia au cha upasuaji kiwe kimepona, na moyo uwe tayari. Mje na suala la uzazi wa mpango kabla hamjaanza, sio baada, unaweza kushika mimba hata hedhi haijarudi. Na anayenyonyesha uke unakuwa mkavu zaidi kuliko hata kwenye mimba, kwahiyo kile kichupa cha kilainishi mlichonunua msikitupe, angalieni tu kama tarehe haijapita.