Usaili katika Kampuni Kubwa za Programu: Mawazo Yako Yasikike

Ndugu mnaoishi Seattle, Toronto, London au Berlin na mnaotafuta kazi ya uhandisi wa programu katika kampuni kama Google, Microsoft au Amazon, fahamuni kwanza kwamba anayewasaili mara nyingi si mwamuzi wa mwisho. Yeye huandika ripoti. Google imezoea kupeleka ripoti hizo kwa kamati ya watu ambao hawakumsaili mwombaji, na Amazon huweka katika jopo msaili mmoja kutoka nje ya timu inayoajiri, mwenye uwezo wa kuzuia ajira hiyo. Wazo ambalo hukulitamka halitaingia katika ripoti, na kwa wanaoisoma ni kana kwamba hukuwa nalo.

Hapa ndipo wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki hupoteza nafasi tunazozistahili, kwa sababu tumezoeshwa kunyamaza mbele ya mwalimu mpaka tuwe na uhakika wa jibu.

Tuchukue swali la kawaida la kuandika programu mbele ya msaili: umepewa orodha ya namba, nawe utafute mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Kabla hujaandika chochote, uliza kama orodha imepangwa, kama namba hasi zimo, na ufanye nini endapo hakuna jozi inayofaa. Kisha taja njia ya wazi zaidi, ya kulinganisha kila namba na nyingine zote, na useme papo hapo gharama yake: orodha ya namba 10,000 ina jozi karibu milioni 50. Ndipo upendekeze kuipitia orodha mara moja tu, ukihifadhi kila namba uliyokwisha kuiona na kuangalia kama ile inayohitajika kutimiza jumla imeshapita, huku ukieleza kwamba kasi hiyo inalipiwa kwa nafasi zaidi katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukishaandika, upime msimbo wako (code) kwa orodha fupi ya namba tatu au nne bila kungoja kuambiwa. Msaili akikudokezea jambo, lichukue na ulifanyie kazi, kwa kuwa anapima pia jinsi unavyoshirikiana na wenzako.

Sehemu ya pili, inayodharauliwa mno, ni maswali kuhusu kazi ulizokwisha kuzifanya. Amazon imetangaza hadharani kanuni zake 16 za uongozi na maswali yake mengi hutoka humo, hivyo andaa visa vya kweli vinavyozigusa. Usiione kazi uliyoifanya kwetu Afrika Mashariki kuwa ndogo. Aliyeunganisha mfumo wa duka au SACCO na M-Pesa, akakuta taarifa ya malipo inaweza kufika mara mbili na mteja akahesabiwa mara mbili, amekutana na tatizo lilelile linalowashughulisha wahandisi wa mifumo mikubwa. Eleza hali ilivyokuwa, uamuzi ulioufanya wewe mwenyewe, sababu yake, na matokeo yaliyopimika. Kuisifu timu ni adabu njema, lakini msaili akiondoka bila kujua sehemu yako ilikuwa ipi, hana la kukuandikia.

Ofa ikija, isome kwa utulivu na usiangalie mshahara peke yake. Sehemu kubwa ya malipo huweza kuwa hisa zinazotolewa kidogo kidogo, aghalabu kwa miaka minne, na mgawanyo hutofautiana: Amazon ilijulikana kwa miaka mingi kwa kutoa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, na 40 katika kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho. Anayepanga kumtumia mama ada za wadogo zake ajue ni kiasi gani kitakuwa mkononi mwaka huu.

Suala la kibali cha kazi liulize mapema, kwa maandishi, kwa ofisa wa ajira. Nchini Marekani, mwenye H-1B, yaani viza ya kazi ya wageni wenye utaalamu, anayepoteza kazi hupewa kwa kawaida muda usiozidi siku 60 wa kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka, na mwaka 2023 Google ilipotangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000 na Microsoft 10,000, wageni wengi walijikuta katika hesabu hiyo ya siku 60. Kwa hiyo tunza nakala za nyaraka zako zote nje ya kompyuta ya kazini, na uwe na akiba ya miezi kadhaa kabla ya kuanza kujenga nyumbani.