Somo: Mkate wa kumimina kwa asubuhi ya Idi

Assalaam aleikum wapenzi. Mwaka jana maombi ya somo hili yalikuja usiku wa kuandama mwezi, wakati mchele ulipaswa kuwa umeshalowa. Safari hii naliweka mapema.

Mkate wa kumimina, ambao nyumba nyingine huuita mkate wa sinia, hauna ngano wala siagi. Ni mchele, tui, hamira, sukari na iliki. Ukiona mkate wa mtu umekaa bapa kama kibao, haukuumuka, usianze kulaumu hamira. Tazama rojo lake. Ngano ina mnato wa kushika hewa inayotolewa na hamira, mchele hauna. Povu lote la mkate huu limeshikwa na uzito wa rojo peke yake, mpaka moto ufike uligandishe. Rojo jepesi likishaachia hewa, hata utie hamira pakiti nzima hupati kitu, utapata harufu ya pombe tu.

Vipimo vya sufuria ya sentimita 22 hadi 24, yenye tako zito:

Mchele wa basmati vikombe 2, kama gramu 400
Tui zito kikombe 1 na nusu (nazi 2 kubwa, kasimile tu)
Sukari kikombe 1 kasoro
Hamira kijiko 1 cha chai, kisawazishwe
Iliki nusu kijiko cha chai, itwangwe papo hapo
Ute wa yai 1
Chumvi kidogo sana, na samli ya kupaka sufuria

Hatua ya kwanza: mchele na mwezi

Mchele unataka saa 8 majini. Sasa Idi ina mambo yake: hujui kama ni kesho mpaka magharibi ipite na tangazo la Kadhi Mkuu au la Mufti lisikike. Kwa hiyo roweka asubuhi ya tarehe 29 Ramadhani. Mwezi ukiandama, baada ya isha unasaga. Usipoandama, mwaga maji, tia mengine na uweke friji. Kesho yake huna haja ya kusubiri tangazo la mtu, mwezi haupiti siku 30. Asiye na friji abadilishe maji asubuhi na tena alasiri, maana kwa joto letu mchele huanza kuchacha wenyewe.

Kuna faida nyingine ya kusaga usiku: umeshafuturu, unaweza kuonja sukari.

Hatua ya pili: kusaga

Hapa msiwe na haraka. Chuja mchele kwenye kifumbu mpaka maji yaishe kabisa, kwa sababu maji yanayobaki ndiyo yanayoleta rojo jepesi. Tia kwenye blenda pamoja na tui, hamira, chumvi, iliki na kijiko 1 tu cha sukari. Tui liwe vuguvugu, kidole kikae humo bila kuungua. La moto huua hamira.

Saga, pumzisha blenda, saga tena. Chovya vidole viwili usugue. Ukihisi chenga kama mchanga laini, bado. Chenga hizo huzama chini, na mkate unatoka na tabaka gumu chini na uji juu. Rojo likiwa tayari huanguka kwenye mwiko kwa utepe mzito usiokatika, na alama yake hukaa juu kidogo kabla ya kupotea.

Mtaniuliza mbona sukari siitii yote. Sukari nyingi huivuta hamira nyuma, na ikiyeyuka hulegeza rojo. Nasubiri liumuke kwanza. Najua wapo wanaotia yote mwanzoni na mikate yao inatoka. Waendelee, ila wao wameshazoea mkono wao. Anayeanza afuate njia hii.

Hatua ya tatu: kuumua

Mimina kwenye bakuli kubwa, funika, acha mahali pa joto. Pwani dakika 45 zinatosha, penye baridi saa 1 na zaidi. Tazama rojo, saa ya ukutani iache. Likikaribia kuzidi mara mbili na juu likajaa vipovu, tia sukari iliyobaki. Piga ute wa yai kwa uma mpaka utoe povu jeupe, utie nao. Geuza kwa mwiko taratibu, kutoka chini kuja juu, usipige. Acha dakika 15, povu lirudi.

Wakati huo washa oveni nyuzi 180, au kama unatumia makaa, yawe yameshakolea.

Hatua ya nne: moto

Paka sufuria samli mpaka kwenye kingo, iweke jikoni ipate moto. Mimina rojo kwa mara moja. Lazima usikie mlio mdogo. Baada ya dakika 2 punguza moto uwe mdogo kabisa, na usifunike. Vitundu vitaanza kutokea pembeni, vikienda katikati. Kingo zikishika na juu kukabaki unyevu kidogo tu, hamishia oveni, rafu ya juu, dakika 15 hadi 20, mpaka uwe rangi ya dhahabu.

Kwa mkaa: chini acha makaa mawili matatu, juu ya kifuniko ndiko upalie mengi. Mkaa una utamu ambao oveni haiupati, hilo silibishanii na mtu. Lakini unataka mtu wa kukaa nao.

Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua. Subiri dakika 10, pitisha kisu pembeni, upindue juu ya sinia. Usikate ukiwa moto, utanata kwenye kisu.

Maswali ya wanachama

Swali, Tanga: Dada, mkate wangu ulipanda vizuri, kutoka oveni ukadidimia katikati. Nimekosea wapi?

Jibu: Mara nyingi rojo limekaa mno. Likipanda likaanza kushuka lenyewe bakulini, nguvu imeshakwisha. Ukichelewa kwa wageni, liweke friji badala ya kuliacha mezani. Sababu nyingine ni kufungua oveni kuchungulia kabla ya dakika 12. Achana na mlango wa watu.

Swali, Toronto: Huku nazi za kukuna ni shida na nyumba ni baridi. Tui la kopo linafaa?

Jibu: Linafaa. Tafuta lenye nazi na maji tu, au karibu na hivyo. Kopo la mililita 400 limezidi kidogo, pima. Litumbukize kwenye maji ya moto kwanza, maana kwa baridi mafuta hujitenga. Rojo liumulie ndani ya oveni iliyozimwa, na bakuli la maji ya moto pembeni yake.

Swali, Muscat: Shoga, unga wa mchele wa dukani hauwezi kunipunguzia kazi?

Jibu: Huwezi kuupata ulaini wa mchele uliolowa. Ule wa dukani umesagwa mkavu, hunywa tui taratibu, na mkate hukauka siku hiyo hiyo. Ukilazimika, uloweke kwenye tui usiku mzima ndani ya friji, asubuhi ndipo utie hamira. Kwa chai ya kawaida sawa. Kwa sahani ya Idi ya kupeleka kwa mawifi, mh.

Swali, Mombasa: Mama ana kisukari. Naweza kupunguza sukari, na yai nalo nikaacha?

Jibu: Vyote viwili yawezekana. Sukari shusha hadi nusu kikombe, hamira haitajali. Rangi tu itakuwa hafifu. Ila mchele wenyewe ni wanga, kwa hiyo kipande chake kiwe chembamba hata ukiondoa sukari yote. Bila ute mkate hukaza kidogo, rojo lako liwe zito zaidi.

Swali, Mtwara: Rojo limebaki baada ya sufuria kujaa. Nalitupa?

Jibu: Usitupe. Weka kikaango kidogo jikoni, chota upawa mmoja mmoja, funika mpaka juu pakauke: hivyo ni vibibi, na watoto watavimaliza kabla mkate haujapoa.

Swali, Unguja: Unakaa siku ngapi?

Jibu: Nje siku moja, nazi huchacha upesi. Friji siku 3, uufunge vizuri. Kupasha, tia kwenye kikaango kikavu chenye kifuniko, moto mdogo, dakika 3 kila upande.