Namna ya kumwonesha mjomba kuwa dunia si bapa

Usianze na picha za NASA, shirika la anga la Marekani. Mjomba wangu wa Kigamboni akiziona husema zimetengenezwa kwa kompyuta, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mpeleke ufukweni alasiri, jua likiwa mgongoni, tena bila wajukuu wa kumcheka. Bebeni darubini. Tafuteni meli ya makontena inayoondoka Dar es Salaam, kisha mwachie darubini mwenyewe, wewe nyamaza. Ubavu wa meli hupotea kwanza, makontena yanafuata, mlingoti mwisho. Akisema ni umbali tu, muulize kwa adabu: "Sasa mjomba, mbona juu tunapaona na chini hatupaoni?" Halafu pandeni ghorofani haraka. Aliyesimama kando ya maji upeo wake ni kama kilomita 5. Ukipanda juu, ubavu unarudi. Hapo ndipo wangu alipoanza kukuna kidevu.

Kama ni mtu wa swaumu, mkumbushe jengo la Burj Khalifa la Dubai, lenye urefu wa mita 828. Wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 waliambiwa wachelewe kufuturu dakika mbili, juu ya 150 dakika tatu, kwa kuwa bado wanaliona jua.

Ila msiwekeane dau. Mwanasayansi Alfred Russel Wallace alishinda dau la pauni 500 la John Hampden, aliyeamini dunia ni bapa, kwa kumwonesha kwenye mfereji wa Bedford, Uingereza, mwaka 1870, kuwa uso wa maji umepinda. Hampden hakukubali, akamwandama kwa barua za matusi miaka mingi, hata jela akaingia.